Kutoka Hanoi hadi Saigon kwa macho ya kuazima

Alhamisi, Hanoi

Meza yenyewe iko ghorofani, imefunikwa kwa sanduku la kioo. Bakuli, sahani, vijiti vya kulia na chupa za bia vimebaki juu yake, kumbukumbu ya jioni ya tarehe 23 Mei 2016, Barack Obama alipokaa hapa kula bún chả na Anthony Bourdain. Mgahawa unaitwa Hương Liên, mtaa wa Lê Văn Hưu. Kioo kiliwekwa mwaka 2018. Kwenye orodha ya vyakula kuna kitu kiitwacho Combo Obama: bún chả, nem moja ya kukaanga yenye vya baharini ndani yake, na bia ya Hanoi.

Shemeji akaitazama picha ukutani kwa muda mrefu.

"Obama namjua," akasema. "Huyu mwenzake ni nani?"

Nilifurahi kulisikia swali hilo kuliko nilivyotarajia. Mimi nimemtazama Bourdain miaka mingi, tangu enzi za kukopeshana diski, na nimekuja Vietnam kufuata nyayo zake. Shemeji hajawahi kumwona hata dakika moja. Yeye ni mtu wa korosho. Amekuja kutafuta mashine za kubangulia huko kusini, na amekubali kupita njia ndefu ya reli kwa sababu, kwa maneno yake, mtu akishalipa nauli ya ndege kubwa ana haki ya kuzunguka.

Nikamweleza kwa ufupi. Mpishi wa New York, aliandika kitabu mwaka 2000 kuhusu yanayofanyika nyuma ya mlango wa jiko la mgahawa, akawa maarufu, akapewa kipindi cha kusafiri na kula. Kuanzia A Cook's Tour ya mwaka 2002, kikaja No Reservations, kisha The Layover, hadi Parts Unknown alichokuwa bado anakirekodi alipofariki Ufaransa mwezi Juni 2018. Vietnam aliirudia mara kwa mara na hakuficha kwamba anaipenda.

Nilipopanga safari hii niliandika vituo kwenye karatasi na mwaka wa kila kipindi pembeni. Hanoi, 2016. Huế, 2014. Hội An, enzi za No Reservations. Saigon, 2002. Ukiteremka kusini kwa reli, mtangazaji anazidi kuwa kijana. Sikuipanga iwe hivyo, ila baada ya kuiona sikuweza kuiacha.

Jioni ile ya 2016 bili ilikuwa dola 6, na Bourdain ndiye aliyelipa. Mwenyewe alitangaza hivyo mtandaoni. Siku hiyohiyo, hapahapa Hanoi, Obama alitangaza kuondolewa kwa vikwazo vya Marekani vya kuiuzia Vietnam silaha, vikwazo vya miongo kadhaa. Ukimuuliza mtu leo anakumbuka nini kuhusu ziara ile, atakuambia kiti kifupi cha plastiki na bia iliyonywewa kwenye mdomo wa chupa. Huo ndio uwezo ninaousema. Bourdain alikuwa na tabia ya kumshusha kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, hadi kwenye kile kiti, na kamera ikashuka nao. Mtazamaji aliyekuwa akiijua Vietnam kwa sinema za vita tu, akaanza kuijua kutoka urefu wa goti: moshi wa mkaa, majani mabichi kwenye kikapu, mama anayepepea nyama. Ni mahali pazuri pa kuitazamia nchi. Lakini ni mahali pamoja.

Msichana wa kuhudumia hakutuuliza tunataka nini. Alitutazama mara moja, akaandika combo mbili.

Hapo ndipo shemeji alipomzuia. Bún chả ni nguruwe: nyama ya kuchoma kwenye mkaa, ndani ya mchuzi wa samaki uliotiwa siki, sukari na vipande vya papai bichi. Shemeji haondoki kwenye dini yake kwa ajili ya Obama wala mwenzake. Akaagiza soda, akaketi akinitazama ninavyokula.

Bourdain alikuwa na kanuni aliyoirudia sana: ukiwa nyumbani kwa bibi wa mtu, unakula alichopika bibi, na unashukuru. Ni kanuni ya adabu, nami niliipenda sana nilipokuwa kijana. Nikiwa nimekaa mbele ya shemeji na soda yake, nikaiona kutoka upande mwingine. Inamfanya mlaji wa kila kitu kuwa ndiye msafiri mwema, na mwenye mpaka wake kuwa mtu mwenye kasoro. Wasiokula nyama aliwakejeli waziwazi katika kile kitabu chake cha mwaka 2000. Watazamaji wangapi wa kwetu walijifunza kuona haya kwa sababu hiyo, sijui, ila mimi nilikuwa mmoja wao.

Ijumaa, Hanoi na reli ya usiku

Shemeji alitafuta msikiti na akaupata mtaa wa Hàng Lược, katikati ya mji mkongwe. Masjid Al-Noor, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na ndio msikiti pekee wa Hanoi. Nilimsindikiza nikijua nitamsubiri nje. Nikajikuta ndani.

Walikuwapo Waindonesia, Wamalaysia, Wapakistani, watu wa balozi mbalimbali, wanafunzi, na Wavietnam wachache. Baada ya swala watu hawakutawanyika. Mwanafunzi mmoja kutoka Aceh, Indonesia, akatuambia wapi pa kula, mzee mmoja mwenye duka la nguo akampa shemeji namba ya mtu wa mashine huko kusini, na tukaishia kula wali na kuku wa binzari kwa mpishi wa Kihindi hatua chache kutoka hapo. Huu pia ni mtaa wa Hanoi, umri wake zaidi ya karne moja, nami nilikuwa nimepanga kuupita nikielekea kunywa kahawa ya yai kwa sababu kahawa ya yai nimeiona kwenye skrini.

(Kahawa ya yai niliinywa baadaye. Ilibuniwa mwaka 1946, maziwa yalipokuwa adimu, kwa kiini cha yai kilichopigwa na sukari. Ni tamu mno. Shemeji aliipenda, akanywa na yangu.)

Jioni tukapanda treni. Reli hii ya kutoka Hanoi hadi Saigon ni kilomita 1,726, ilikamilika mwaka 1936 enzi za Wafaransa, ikakatika kwa vita, na treni zikarudi kupita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mwishoni mwa mwaka 1976. Hadi Huế ni kilomita 688. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne, na wenzetu walikuwa bibi mmoja wa makamo ya juu na mjukuu wake anayesoma chuo.

Bibi alipotuona tu, uso ukachanua.

"Angola!"

Tukamwambia hapana, bibi, Tanzania. Mjukuu akatafsiri. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jina la mtaa wa jirani, akatoa simu, na kwa saa nzima iliyofuata tukatazama Angola.

Kuna kijana wa Kivietnam aitwaye Quang Linh aliyekwenda Angola kufanya kazi mwaka 2016, akaanza kurekodi maisha ya vijijini huko: alilima mahindi, alichimba visima, alipikia watoto sufuria kubwa za chakula, alionja chao na kuwaonjesha cha Vietnam. Ana wafuasi wa mamilioni, na jina la chaneli yake halikuandika Angola; limeandika maisha ya Afrika. Kwao ni Nghệ An, mkoa ambao treni yetu ilikuwa inauelekea gizani, na bibi naye ni wa huko. Anawajua watu wa kile kijiji cha Angola kwa majina. Anajua nani ameoa, nani ana mtoto mgonjwa. Alipoona tukila korosho alizobeba shemeji, alimuuliza mjukuu jambo, na mjukuu akasita kidogo kabla ya kutafsiri: bibi anauliza kama sasa mna nyumba za matofali.

Sikukasirika. Ungemwona bibi yule usingekasirika pia. Hakukuwa na dharau hata chembe. Alikuwa na mapenzi, tena mapenzi ya mtu anayefuatilia familia yake. Tatizo ni kwamba kamera ya kijana yule iliishi kijijini, kwa hiyo Afrika ya bibi ni kijiji, na kijiji hicho kina huruma na vicheko na vumbi jekundu na hakina barabara ya lami. Huwezi kumlaumu kwa kutoona kilichokuwa nyuma ya kamera.

Shemeji alichukua simu yake, akamwonyesha picha ya bandari ya Mtwara: meli, kreni, magunia ya korosho yamepangwa hadi juu. Bibi aliyatazama magunia.

"Điều!" akasema kwa mshangao. Korosho. Hiyo aliijua.

Alishuka Vinh usiku wa manane. Alituachia mfuko wa machungwa na akamshika shemeji mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilipolala nilikuwa nikijiuliza jambo ambalo halinipendezi: nikishuka kesho Huế nikitafuta supu niliyoiona kwenye kipindi, nitakuwa na tofauti gani na yeye?

Jumamosi, Huế

Supu ipo. Soko la Đông Ba, hapo lilipo tangu mwaka 1899, ndani kwenye vijia vyembamba kati ya wauza samaki wakavu na wauza kofia. Bún bò Huế: tambi nene za mchele, mchuzi wa mifupa wenye mchaichai, pilipili na uduvi uliochachushwa, nyama ya ng'ombe, mguu wa nguruwe, vipande vya damu iliyogandishwa. Katika kipindi cha 2014 Bourdain aliiweka juu ya supu zote duniani. Nimeila, na sina ugomvi naye. Ni supu inayokuamsha.

Ila nililiona jambo moja kwenye benchi. Sisi wageni tuliokuwa pale tulikula kwa namna moja. Tuliinama, tukavuta harufu, tukafumba macho kidogo, tukatikisa kichwa. Kijana wa Kijerumani upande wangu wa kulia alifanya vile, nami nilikuwa nimeshafanya vile kabla yake. Hatukuwa tumejifunza supu tu kutoka kwa Bourdain. Tulijifunza na uso wa kuilia. Mama aliyekaa mbele yetu na mfuko wake wa mboga alikula huku akizungumza na muuzaji kuhusu kitu kilichowaudhi wote wawili, akamaliza, akafuta mdomo, akaenda zake.

Kipindi cha Huế hakikuwa cha supu tu. Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945, na mwanzoni mwa 1968, katika mashambulizi ya Tết, mwaka mpya wa Kivietnam, ulipiganiwa karibu mwezi mzima, nyumba kwa nyumba. Bourdain wa 2014 aliweza kuweka bakuli na makaburi katika saa moja ya televisheni bila kimojawapo kukifanya kingine kionekane cha kipuuzi. Uwezo huo aliupata kwa gharama. Mwaka 2006 alikuwa Beirut akirekodi No Reservations vita vilipoanza kati ya Israeli na Hezbollah. Timu yake ilikwama hotelini kwa siku kadhaa ikitazama mabomu yakiangukia mji, hadi ilipotolewa kwa meli ya jeshi la majini la Marekani. Kipindi kilichotokana na hayo kina chakula kidogo sana. Baada ya pale, kila alipokwenda, swali la chakula lilikuwa mlango wa swali lingine: nani amekula, nani hakula, na kwa nini.

Kwa hiyo ninaposema mtazamo wa mtangazaji unatengeneza mahali, simaanishi kwamba unapotosha. Kabla ya vipindi kama hivi, mtazamaji wa Marekani alionyeshwa Vietnam kama jeraha la nchi yake mwenyewe. Bourdain alimgeuza kichwa, akamwonyesha watu wenye shughuli zao. Ni kazi kubwa. Alimgeuza kwa mkono wake lakini, na kichwa kikabaki pale alipokiacha.

Shemeji hakuigusa supu ile, ya nguruwe. Alipotea saa mbili, nikaanza kuwa na wasiwasi, akarudi ameshiba. Huế ni mji wa mahekalu ya Kibudha, na watu wengi hapa huacha nyama siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo kuna chakula cha chay cha kila aina: tofu, uyoga, matunda ya fenesi machanga yaliyokaangwa na ufuta, mikate ya mchele, supu ambazo hazijaona mfupa. Akanirudisha huko jioni. Nilikula sahani saba ndogo na sikumbuki chakula bora katika safari nzima. Sikukiweka kwenye orodha yangu kwa sababu orodha yangu iliandikwa na mtu asiyependa wasiokula nyama.

Jumapili, Huế hadi Hội An

Treni ya asubuhi kutoka Huế hadi Đà Nẵng inapita Hải Vân, milima inapoingia baharini, na kwa muda mrefu reli inaning'inia juu ya maji. Watu wote wakahamia dirisha la kushoto, simu juu. Shemeji alisinzia.

Hội An haina stesheni. Unashuka Đà Nẵng na kwenda kama kilomita 30 kwa gari. Tulipakiwa na teksi ya umeme, na shemeji akazinduka. Betri inakaa muda gani? Inatengenezwa wapi? Hapahapa Vietnam? Dereva akafurahi mno, akaeleza njia nzima. Nimetazama saa nyingi sana za Vietnam kwenye televisheni na zote zina pikipiki. Ni kweli pikipiki zipo, mamilioni. Lakini nilishangaa kuona viwanda, barabara za juu, majengo ya vioo ya Đà Nẵng, na mshangao huo ulinipa aibu kidogo, maana ni uleule wa nyumba za matofali.

Mji mkongwe wa Hội An uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1999, na usiku taa za karatasi zinawaka kila mlango, mtoni watu wanapandishwa mashua ndogo kuweka mishumaa majini kwa malipo. Foleni ya duka la mkate wa bánh mì aliloonyesha Bourdain imezunguka kona. Nilipanga foleni, nikala, ni mkate mzuri. Mikate miwili mitatu kwenye vibanda vya jirani, bila foleni, ni mizuri pia.

Mashua zile zilinikumbusha kipindi cha Sicilia cha 2013. Alipelekwa baharini kupiga mbizi kutafuta pweza na samaki, na akiwa majini akaona pweza waliokufa wakianguka mmoja mmoja kutoka kwenye mashua ya jirani. Mtu wa upande wa mwenyeji wake alikuwa anawatupa ili kamera iwakute chini. Mtangazaji mwingine angewaokota akatabasamu. Bourdain alikasirika, akalewa, na kwenye masimulizi akawaeleza watazamaji kila kitu. Namheshimu kwa hilo. Ila fikiria upande wa mwenyeji yule. Alijua wageni wanataka nini. Aliona kuwa bahari peke yake haitawatosha.

Jumatatu, Hội An

Mvua. Shemeji kashonewa suti. Mimi nimeandika haya na kula cao lầu, tambi za hapa.

Jumanne, Saigon

Tumeruka kwa ndege kutoka Đà Nẵng. Kwenye ramani mji huu ni Hồ Chí Minh tangu 1976, mdomoni bado ni Saigon.

Hapa ndipo kwa Bourdain kijana. Katika A Cook's Tour, mwaka 2002, alikaa kwenye mgahawa wa mji huu, nyoka akachinjwa mezani, na moyo wa swila ukawekwa kwenye kikombe kidogo ukiwa bado unadunda. Akaumeza. Kichwa cha kipindi chenyewe kilitaja moyo huo na vyakula vinavyompa mtu uanaume. Wakati ule ndivyo televisheni ilivyotaka: mahali pa mbali ni mahali ambapo watu hula kitu ambacho wewe huwezi. Miaka michache baadaye Andrew Zimmern alijenga mfululizo mzima, Bizarre Foods, juu ya ajabu ya chakula, na ulidumu miaka mingi. Bourdain aliiacha njia hiyo pole pole. Ndiyo maana nilitaka kuja kwa mpangilio huu wa kinyume: Vietnam ni ileile, mtu ni yuleyule, na kati ya moyo wa swila na meza ya Obama kuna miaka 14 tu. Waliokula nyoka mwaka 2002 walikuwa wachache kama leo. Kilichobadilika ni anayetazama.

Hata yeye hakuja macho matupu. Vietnam aliipenda kwanza kupitia The Quiet American, riwaya ya Mwingereza Graham Greene, na alisema hivyo mwenyewe. Ukipita mtaa wa Đồng Khởi unaiona Hotel Continental, iliyomo kwenye riwaya hiyo, na unaelewa kwa nini kamera yake ilipenda feni za darini na jasho. Kongo vilevile. Alitamani kwenda huko kwa miaka mingi kwa sababu ya Joseph Conrad, mwandishi wa Heart of Darkness, na alipofika mwaka 2013 akapanda mashua mtoni, akapika kuku kwa mvinyo wa Kifaransa kwenye giza na wadudu. Ni kipindi cha kusisimua. Kimetazamwa na mamilioni ambao hawajawahi kuiona Kongo kwa njia nyingine, na chini yake kuna hadithi ya mwaka 1899 ya mgeni aliyeogopa mto.

Mchana tulikwenda kwa mama wanayemwita Lunch Lady, karibu na mfereji, si mbali na bustani ya wanyama. Yeye kila siku hupika supu tofauti, na hilo ndilo lililompendeza Bourdain enzi za No Reservations. Jina lake la Kiingereza limemfikisha mbali. Tangu 2020 kuna mgahawa Vancouver unaolitumia kwa ushirikiano naye. Meza nyingi zilikuwa za wageni. Nilipouliza kijana wa meza ya pili, mwenyeji, amepajuaje hapa, akacheka: rafiki yake wa Australia ndiye aliyemleta.

Shemeji alikuwa amekwenda kula karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du, wa mwaka 1935, uliobanwa katikati ya mahoteli marefu. Kamkuta pale mtu wa mashine. Wamekubaliana kesho.

Usiku nilimwomba atazame nami kipindi kimoja tu, cha Kenya, kilichotoka Septemba 2018, miezi mitatu baada ya Bourdain kufariki. Ndicho cha mwisho kuwa na masimulizi ya sauti yake. Alikwenda na mchekeshaji wa Marekani W. Kamau Bell, Nairobi kisha kwenye hifadhi ya wanyama. Mwishoni anauliza nani hupewa nafasi ya kusimulia, na anajibu kwamba safari hii, kwa heri au kwa shari, ni yeye. Anajitahidi, anatazama, anasikiliza, lakini anajua hadithi hiyo ni yake, si ya Kamau wala ya Wakenya, na za kwao bado hazijasikika.

Shemeji alikaa kimya kidogo.

"Kumbe alijua."

"Alijua."

"Na akaisimulia hivyo hivyo."

"Ndiyo kazi yake, shemeji."

"Basi mngemlipa aeleze korosho," akasema, akazima taa.

Jumatano, Đồng Xoài

Zaidi ya saa mbili kaskazini mwa Saigon, mashamba ya mpira pande zote za barabara. Huu ulikuwa mkoa wa Bình Phước hadi ulipounganishwa na Đồng Nai mwaka 2025, na kila mtu wa korosho duniani anaujua. Vietnam inaongoza kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya korosho ghafi inaziagiza: Cambodia, Côte d'Ivoire, Nigeria, na kwetu.

Kiwanda ni cha kati, mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini hivi, mchangamfu. Hapa mimi ndiye niliyekuwa sijui kitu na shemeji ndiye aliyekuwa mtangazaji. Akanielekeza hatua kwa hatua kwa sauti ya juu kushinda mitambo: korosho zinapigwa mvuke ili ganda lilegee, zinakatwa, zinakaushwa, zinamenywa ngozi ya ndani, kisha zinapangwa kwa ukubwa na rangi. W320 maana yake nyeupe nzima, hadi 320 kwenye ratili moja. Tahadhari na mafuta ya ganda, yanaunguza ngozi. Upande wa mwisho kuna mashine yenye kamera inayopuliza nje kila punje yenye doa, kwa kasi ambayo jicho halifuati.

Mwenye kiwanda alituuliza kuhusu Afrika, na maswali yake hayakufanana na ya bibi hata kidogo. Unyevu wa mwaka huu ukoje? Kwa nini magunia mengine yana mawe? Mnada wenu unafanyaje kazi, na nani huamua bei ya kufungulia? Anaijua Mtwara, Lindi na Masasi kwa mpangilio wa ubora. Hajui tunakula nini. Shemeji alijibu kila swali na mengine akayarudisha: kwa nini na nyinyi mnachelewesha malipo?

Tulikula kwenye bwalo la wafanyakazi, wali, samaki wa kupika, mchicha wa maji, na supu nyepesi. Hakuna aliyefumba macho.

Kabla hatujaondoka mwenye kiwanda akatoa simu. Binti yake anauza korosho kwa TikTok, na amemwomba arekodi wageni kutoka Afrika wakionja. Akaniweka mbele ya ile mashine ya kamera, imeng'arishwa, nyuma yangu pakiti zenye nembo. Shemeji akanivuta upande wa pili, kwenye rundo la magunia ghafi, ambako moja lilikuwa na maandishi ya Mtwara yakisomeka vizuri kabisa. Mwenyewe akasema pale pana vumbi na mwanga mbaya. Shemeji akasema mwanga upo wa kutosha. Wakabishana kwa heshima, kila mmoja akinishika mkono mmoja, hadi wakakubaliana turekodi mbili.

Tulipofika Saigon jioni mjukuu wa bibi yule wa kwenye treni alikuwa amenitumia ujumbe: bibi ametuona. Nikafungua. Waliorusha ni ya mashine. Shemeji alimpigia mwenye kiwanda papo hapo, kwanza kuhusu video, kisha, kwa kuwa alikuwa hewani tayari, kuhusu bei ya mashine ya kukatia, na kwenye bei akapunguziwa.